Kura ya Kunde za Kipande cha Tatu

Radhia, acha unachofanya usome hii. Mama mkwe ametuaibisha mbele ya kijiji kizima cha Ihanja.

Si unajua ndiye mwenyekiti wa shamba darasa? Tulipanda kunde aina tatu, tuone ipi inastahimili ukame, kisha tuchague wenyewe. Yeye ndiye mlinzi. Mbuzi akisogea, jiwe. Mtoto akisogea, jiwe.

Leo bwana shamba kaja. Kipande cha kwanza kimejaa maganda. Cha pili, maganda. Cha tatu vijiti. Vijiti, Radhia! Hata jani moja hamna!

Akauliza, "Ni wadudu?"

Mama akajibu kwa upole kabisa, "Wadudu, baba."

Tukapiga kura. Kila mtu anatia punje ya mahindi kwenye kikombe cha kunde anayoitaka. Cha kwanza kitupu. Cha pili kitupu. Punje zote ziko kwenye cha tatu. Zote!

Bwana shamba akauliza, "Akina mama, hii iliyoliwa na wadudu mmeipendea nini?"

Mimi natazama miguu yangu. Mama, mwenyekiti, mlinzi, akasema, "Majani yake laini. Yanaiva upesi."

Kumbe kila mmoja alikuwa akipita jioni kuchuma mboga kidogo tu, akidhani yuko peke yake.

Bwana shamba wala hakukasirika. Akasema, "Sawa, ya tatu imeshinda. Mbegu ya mwakani ilikuwa itoke humu humu. Nileteeni."

Tumerudi nyumbani. Mlangoni mama kaniambia, "Leo pika dagaa."