Injini ya Mashua Yako Imepasuka, Baba Neema

Mpendwa Baba Neema,

Nimeandika barua hii na kuichana mara tatu. Leo sichani. Injini ya mashua yako imepasuka, na aliyeipasua ni mimi mkeo, kwa kutii.

Unakumbuka nilivyokuwa nikiiita mke mwenza. Jumamosi mtaa wetu wote wa Rågsved, huku ugenini, umelala, wewe umeshaamka unaifuata ziwani, unarudi unanuka mafuta na kunisifia ilivyowaka. Nikakuambia siku moja utahamishia na godoro huko. Ukacheka. "Njoo basi na wewe umwone mwenzio." Nilikuja mara chache, nikajifunika blanketi na kulalamikia upepo tangu tunaondoka mpaka tunarudi.

Kila Oktoba, mashua zikishanyanyuliwa nchi kavu, ulilala kifudifudi juu ya injini, Neema pembeni yako ameshika ndoo. Mnafungua kizibo, maji ya ziwa yaliyobaki ndani yanamwagika, kisha mnaingiza ile dawa ya kijani isiyoganda. Nilikuuliza kazi yote hiyo ya nini, wakati baridi yenyewe siku hizi ni mvua na tope. Ukasema, "Usiku mmoja tu unatosha." Nikadhani unakwepa kunisindikiza sokoni Skärholmen.

Ukafariki Agosti. Tukakurudisha Moshi, tukakuzika kwenu, na siku ya mazishi kaka yako mkubwa akaniita pembeni. "Shemeji, vitu vya marehemu visiguswe mpaka ukoo ukae. Tutakaa Krismasi, watu wote wakija." Nikaitikia. Nguo zako zikabaki kabatini, viatu vyako mlangoni. Mashua waliinyanyua wanaume wa chama cha wenye mashua, siku yao, pamoja na nyingine zote. Nikajiambia hao si wa ukoo, hawana kosa.

Novemba Neema akaja kutoka kwake Kista, ameshavaa nguo za kazi. Ndoo mkononi. Nikamwambia vitu vya baba haviguswi bado. Akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba ni kutoa maji tu, nusu saa. "Pappa visade mig," akasema, baba alinionyesha, na akarudia tena. Nikamwambia hapa si suala la kujua, ni suala la heshima, na kama anataka kuniaibisha mbele ya wakwe zangu, aendelee. Maneno hayo nilimwambia mtoto aliyefiwa na baba yake. Aliondoka bila kukaa.

Krismasi nilinyimwa likizo kule ninakohudumia wazee, kikao kikasogezwa hadi Pasaka. Wala sikuhangaika. Mpaka mwaka mpya ilinyesha mvua tu, nyasi za hapa mtaani zilikuwa bado mbichi, nikajipongeza kimoyomoyo. Januari ikaja wiki moja ya baridi kali, wiki moja tu, ikapita. Machi fundi wa chama akafunua turubai, akanionyesha ufa kwenye bloki ya injini, pale maji yalipoganda ndani na kupasua chuma, urefu wa kiganja changu. Hakunilaumu. Aliuliza tu nani alikuwa akiitunza.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amefika kabla binti hajaolewa. Nina hasira, Baba Neema. Namkasirikia kaka yako, ambaye barafu yake ni ya kuitazama mlimani kwa mbali. Nakukasirikia wewe, uliyemfundisha mtoto ukaniacha mimi na blanketi langu. Lakini nikiwamaliza wote nabaki mimi, maana wewe ungemruhusu Neema, na hilo nililijua hata siku ile ya Novemba. Niliogopa kusemwa na watu walio mbali, nikamuumiza aliyekuwa amesimama mbele yangu.

Pasaka ukoo ulikaa bila mimi. Wakanipigia simu kuuliza kama mashua inauzika. Nikawaambia ni ya Neema, imeharibika kwa sababu yangu, na sitaki ijadiliwe tena. Kabla kaka yako hajajibu, simu ikakatika. Sijui kama aliikata yeye.

Neema nilimpigia siku hiyohiyo. Nilimwomba msamaha kwa Kiswidi changu kibovu, nisiwe na pa kujificha. Akanijibu kwa Kiswahili, jambo ambalo hajanifanyia tangu akiwa mdogo. "Asante kwa kuniambia, Mama." Akasema Jumapili atakwenda kuitazama injini. Nikamuuliza kama atapita nyumbani ale. Akasema siku hiyo anakwenda kwa baba tu, kwenye mashua.

Basi akifika huko, mpokee wewe. Mimi nitapika hivyohivyo.

Mkeo,
Mama Neema