Wameng'oa Kufuli Lako, Dada Zawadi

Dada Zawadi,

Kaburi lako huku Kalinzi ni safi, mama yako analipalilia mwenyewe. Ningeishia hapo kama nisingekuwa na jambo zito la kukuambia.

Ni ile programu yetu ya kuwaandikisha wakimbizi wanaovuka ziwa. Unakumbuka ulivyong'ang'ania hifadhidata iliyomo ndani ya kishikwambi isimbwe, ili asiye na nywila akiifungua aone takataka tupu? "Hamisi, mtandao hatuna, kila kitu kinakaa humu humu," ulisema. "Kikiibiwa, tumeibiwa watu."

Bosi mpya aliamuru kufuli hilo litolewe. Eti nywila inachelewesha foleni. Nilikataa, akatafuta mtu mwingine wa kulitoa.

Kishikwambi kikaibiwa kule Bangwe. Nilikikuta mtaani Rusimbi, kwenye kibanda cha fundi simu. Vijana wamekizunguka, mmoja anasoma kwa sauti mambo aliyotendwa Mama Espe njiani. Wanacheka. Wanacheka, dada! Yule mama aliyekuwa akikusalimu kwa "Amahoro", yaani amani, toka mbali, aliyekusimulia wewe peke yako huku umemshika mkono. Nilikinyakua, nikakimbia nacho hadi ofisini.

Nilipomweleza bosi, aliendelea kutafuna karanga. "Usikuze mambo. Hao ni wakimbizi tu, nani anawajua huku?" Ganda la karanga limemnata mdomoni. Sijawahi kuchukia uso wa mtu namna ile.

Nikaenda kwa Mama Espe, nikamwambia yote. Hakulia. Aliuliza tu, "Na alipojificha binti yangu, wamesoma?"

Nilishindwa kudanganya. Akaanza kufunga mzigo.

Kabla ya kuondoka aliwaambia wenzake. Asubuhi akina mama wakaketi chini pale mapokezi, wakakataa kutaja hata majina yao. Wafadhili walikuwa njiani kuja kutembelea, bosi akatokwa jasho. Akaniambia nirudishe kufuli, bila kunitazama usoni. Nimelirudisha. Mbele ya wafadhili akajisifu kwamba lilikuwa wazo lake. Wakampigia makofi. Puh!

Mama Espe hakuwepo. Hakuna anayejua alikoelekea na binti yake.

Pumzika, dada yangu. Mimi nitawatafuta, taratibu, bila kuwauliza watu kwa majina. Nikiwapata, nitakuja kukuambia hapa kaburini kwa mdomo wangu. Sitaandika popote.

Mdogo wako wa kazini,
Hamisi