Sauti Yako Kwenye Spika za Baba Mkwe

Shoga, umeniua leo.

Nimemfungia baba mkwe redio mpya ya gari. Mwenyewe, nyaya zote kwa mikono yangu. Yeye kasimama mlangoni: "Utaliunguza gari langu."

Ikawaka! Kwa furaha nikabonyeza ujumbe wako wa sauti, nikidhani nitausikia kwenye simu. Kumbe simu imeshajiunga na redio.

Spika zote: "Huyo mzee mbishi, achana na gari lake bovu!"

Gari bovu, shoga. Yeye yuko hapo hapo. Nilitamani ardhi inimeze.

Akainama dirishani, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha taratibu: "Mwambie rafiki yako nimemsikia vizuri. Fundi aliniambia spika hizi zimekufa."

Kwake huko ndiko kuisifu kazi yangu! Bado nimejificha chini ya dashibodi, nacheka peke yangu.