Posa ya Riyadh

Jumapili, 7 Februari 2016. Jeddah

Duka limefungwa kwa sala ya adhuhuri. Nimekaa ndani, taa nusu. Wanawake wawili wako nje wanagonga kioo kana kwamba sala imewekwa makusudi kuwaudhi wao. Wangoje. Rangi ya mdomo haiozi.

Nimeomba ruhusa ya wiki moja. Meneja kauliza kuna nini Riyadh. Nimesema harusi ya jamaa. Sikusema huenda ikawa yangu.

Mama keshanipangia begi. Katia kanga mpya, udi, na gauni la zambarau ambalo silipendi. Tangu mdogo wangu Nassor alipoleta habari ya huyu Seif, mgane wa Riyadh, mama anatembea kama mtu aliyetolewa mwiba mguuni. Watu wake Seif na watu wetu walitoka Unguja pamoja, mwaka ule wa sitini na nne. Kwa mama hilo linatosha. Mtu keshajulikana.

Nina miaka arubaini na minane. Niliachika zamani, sina mtoto. Nimechoka na chumba changu. Nimechoka na duka hili la mtaa wa Rawdah, vioo na manukato kutwa nzima. Nimechoka kuulizwa kila jioni mchana nimekula nini. Nikisema sina hamu ya safari hii ntakuwa muongo.

Jumatano, 10 Februari. Riyadh

Midomo imekauka kabla sijapokea begi. Mji huu hauna unyevu hata wa kulowesha ulimi.

Nimezaliwa nchi hii na leo ndiyo mara ya kwanza kuuona mji wake mkuu. Barabara pana mno. Kila kitu kiko mbali na kila kitu. Mtaa wa Olaya wote wameuchimba kwa ajili ya metro. Mabati, vumbi, magari yamesimama, na madereva wanapiga honi huku wakijua wazi haisaidii.

Seif alikuja mwenyewe uwanjani kutupokea, mie na Nassor. Mrefu, ndevu nyeupe zimekatwa vizuri. Akampa mkono Nassor, kisha akanigeukia. "Shikamoo haikufai wewe kuniamkia, na mambo vipi hainifai mie. Basi karibu tu." Nilicheka. Sikutegemea kucheka.

Kiswahili chake ni kile kile cha baba. Sijakisikia kwa mwanamume tangu tumzike.

Amenipendeza. Naandika hapa kwa kuwa hakuna wa kusoma.

Tumepanga fleti Al-Murabba, mitaa miwili kutoka kwake.

Alhamisi, 11 Februari

Chakula cha mchana nyumbani kwa Seif. Nyumba kubwa kwa mtu mmoja. Mkewe alifariki mwaka jana baada ya kuugua muda mrefu. Watoto wao wa kike wameolewa, wako Dammam.

Msichana wa kazi ni Mkenya, jina lake Mwende. Mkamba wa Kitui, Mkristo, umri kama thelathini. Ndiye aliyemuuguza marehemu mpaka siku ya mwisho. Biriani yake inaishinda yangu. Marehemu alimfundisha.

Baada ya kula akanishika mkono akanizungusha nyumba nzima. Alifungua kabati moja baada ya jingine. "Hii mfereji ukifunga sana inavuja, madam, funga pole pole. Dawa ya baba ya presha iko hapa. Chai yake anapenda tangawizi ikikuwa kidogo tu." Mpaka gesi kanionyesha inavyofungwa.

Mchangamfu kupita kiasi. Ananitazama kama mtu aliyekuwa akingojwa. Sijaelewa.

Ijumaa, 12 Februari

Siku nzuri. Baada ya sala Seif alitupeleka kwenye ule mnara wa Olaya wenye tundu juu, tukapanda mpaka kwenye daraja lake. Nassor alishika ukuta na macho kafumba. Mie niliweka paji la uso kwenye kioo. Mji hauna mwisho. Hauna bahari ya kuukata. Nilihisi ningeweza kutembea humo mwaka mzima nisikutane na mtu anayenijua.

Seif alisimama pembeni yangu akanieleza habari za mkewe bila ya mie kuuliza. Alisema aliugua vibaya, na kwamba yeye alikuwa akiogopa kuingia chumbani. Mwanamume gani anasema hivyo?

Moyoni nishakubali. Bado ulimi tu.

Jumamosi, 13 Februari

Nassor na Seif walikwenda soko la Batha kutengeneza simu. Nikabaki jikoni na Mwende, anakata vitunguu.

"Madam, umeamua?"

Nikamuuliza limemhusu nini.

"Inanihusu. Baba alisema ukikuja, na ukishajua nyumba, ndio mimi nitaenda nyumbani."

Nilikaa chini. Akanieleza yote kwa sauti ya kawaida, kisu hakikusimama. Mkataba wake ulikwisha mwaka jana. Hapa mtu hatoki nchini bila ya khuruji, karatasi ya kutokea, na khuruji huitoa kafili, yule mwajiri aliyemleta. Kafili wake ni Seif. Pasipoti anayo Seif. Kila akiomba anaambiwa mwezi ujao. Kwanza ilikuwa arubaini ya marehemu. Kisha Ramadhani. Kisha Haji. Kisha presha. Na sasa mie.

Nikamuuliza kama anapigwa. Kama anatukanwa.

"Hapana. Baba ni mtu mzuri. Chakula tunakula ile ile. Lakini nimemaliza."

"Na huko kwenu kuna nini? Kuna mgonjwa?"

Hapo ndipo kisu kiliposimama. "Hakuna mgonjwa. Kwani lazima mtu akufe ndio niende?"

Akafuta macho kwa kiwiko. Vitunguu, au si vitunguu.

"Sema tu ndio, madam. Tafadhali."

Jumapili, 14 Februari

Hasira. Namkasirikia Seif. Namkasirikia Mwende pia, kanitwika mzigo wake na mie nimekuja mgeni. Najikasirikia kwa kuwa bado namkumbuka Seif pale kwenye kioo.

Nassor kasema, "Da Rukia, si umkubali tu, na msichana aende kwao? Kila mtu atafurahi." Kwake ni jambo jepesi. Nikikubali, Mwende anakwenda. Nikikataa, anabaki. Kwa hiyo posa hii si yangu tena.

Nimetembea peke yangu kwenye bustani za Murabba mpaka visigino vimeuma. Majani yamekatwa sawasawa, maji yanarushwa, na hakuna mtu. Mama kapiga simu mara kadhaa. Sikupokea. Sijui ningemwambia nini.

Jumatatu, 15 Februari

Nimesema. Sebuleni kwake, Nassor pembeni yangu, chai haijamiminwa.

Nilimuuliza kwa nini Mwende hajaenda kwao.

"Ataenda. Tukishafunga ndoa, ukaizoea nyumba."

"Kwa hiyo mie ndiye badala yake."

"Usiseme hivyo, Rukia. Muulize mwenyewe kama namtesa."

"Nimemuuliza. Humtesi. Umemkalia pasipoti tu."

Nassor akakohoa. Seif akatazama mikono yake. Kisha akasema nyumba hii ikinyamaza yeye hawezi. Kwamba Mwende ndiye aliyekuwamo chumbani pale yeye aliposhindwa kuingia. Kwamba akiondoka, atabaki na kuta.

Nilimuonea huruma. Kweli kabisa. Na bado nikasema: "Mpeleke kwao kwanza. Ukae na hizo kuta. Kisha kama bado unanitaka, niulize tena. Mie siolewi kupokea zamu ya mtu."

Akainuka. Akasema kwa sauti ya chini kuwa kwa umri wake hakutegemea kuwekewa masharti na mgeni, ndani ya nyumba yake. Akachukua kofia akatoka kwenda msikitini, na adhana bado.

Mwende alikuwa mlangoni na sinia. Kasikia kila neno. Hakunitazama.

Jumanne, 16 Februari. Jeddah

Tumerudi. Nassor hakunisemesha ndege nzima. Mama yuko jikoni analia kwa sauti ya kunisikilizisha. Joto. Nguo zimenata mwilini tangu nishuke ngazi za ndege. Chumba kile kile.

Jumanne, 1 Machi

Hakuna habari. Kazi haikai kichwani. Leo nimemfungia mteja wanja badala ya manukato, akarudi akanifokea mbele ya watu. Nilimwacha afoke.

Mchana nikaingia stoo nikampigia Mwende. Namba yake niliichukua siku ile ya jikoni. Akapokea.

"Madam, ungesema tu ndio." Sauti imepoa. "Baba haongei. Chai anawacha inakuwa baridi. Sasa sijui kama ni mwaka ujao ama ni lini."

Nikamwambia nilikuwa namtetea.

"Uliniuliza?"

Nikaanza kupanga makasha yaliyokwisha kupangwa.

"Halas, madam. Acha nifanye kazi." Akakata.

Nimekaa juu ya makasha mpaka meneja akaja kunitafuta. Kweli, Mwende sikumuuliza. Nilikuwa nimesikia maneno yangu mwenyewe pale sebuleni na yakanipendeza. Gharama analipa yeye.

Alhamisi, 3 Machi

Silali vizuri. Sili. Mama kaacha kulia, sasa ananitazama tu.

Nifanye nini? Nikikubali, huyu mtu atanioa akijua nimeshindwa. Nikinyamaza, yule anabaki kuosha vikombe vya mtu asiyesema. Ningekuwa mwanamume ningepanda ndege nikaenda nikagonga mlango. Sasa hivi hata safari ya kwenda sokoni naitafutia mtu wa kunipeleka.

Jumapili, 6 Machi

Nimeamua asubuhi, kabla ya kwenda dukani. Nilimpigia Seif nimwambie nakubali. Nilitaka tu liishe.

Akapokea kwenye kelele nyingi. Watu, namba zinaitwa kwa Kiarabu. Nikasema, "Seif, nataka kukwambia..."

"Usinambie," akanikata. "Kama unataka kukubali kwa ajili yake, basi nifichie. Nishaanza."

Alikuwa kwenye ofisi ya makaratasi. Kumbe ikama ya Mwende, kibali chake cha kukaa nchini, ilikwisha zamani na yeye hakuitazama, na bila ya ikama khuruji haipatikani. Ametumwa dirisha hili na lile wiki nzima. Anaambiwa yalla, bukra, haya njoo kesho. Anaambiwa mafi, hakuna. "Wananiambia mwezi ujao," akasema, kisha akacheka bila ya furaha.

Sikukubali. Sikukataa. Nimesahau hata kuaga. Dukani nimefika nimechelewa na nimefuta vioo vyote, hata visivyo vichafu.

Jumanne, 15 Machi

Bado. Nassor anasema Seif kapungua. Sikumuuliza kajuaje.

Jumatano, 30 Machi

Mwende kaondoka.

Seif alimpeleka uwanjani mwenyewe. Alimpigia Nassor akiwa njiani kurudi, akasema gari limekuwa kubwa ghafla.

Jioni nikapata ujumbe wa sauti kutoka Nairobi. Nyuma kuna watu wanacheka na mtoto analia. "Madam, nimefika. Huku kunanyesha. Nimesahau sweta kwa baba, mwambie aipatie mtu." Basi. Hakushukuru. Nilijiambia sitegemei shukrani. Nilikuwa naitegemea kidogo.

Nimeusikiliza tena. Jinsi alivyosema "huku". Niliona wivu. Naandika kama lilivyo: niliona wivu.

Jumamosi, 16 Aprili

Seif alikuja kufanya umra, akapita kwetu. Kichwa kimenyolewa, anaonekana mdogo na mzee kwa pamoja. Mama kapika kaimati za kulisha mtaa. Nassor alikaa karibu na mlango kama askari.

Alizungumza na mama habari za watu wa zamani, nani kafa, nani kahamia Maskati. Kisha akaweka kikombe chini.

"Ulisema nikuulize tena, Rukia. Kuta nimekaa nazo. Zinavumilika. Nakuuliza si kwa ajili ya hizo kuta."

Nilikuwa nimevaa vizuri. Nilidhani nikisikia sauti yake jibu litakuja lenyewe. Likaja, na silo nililolidhani.

Nikasema hapana. Nikamwambia kule Riyadh nilitaka kuondoka hapa kuliko nilivyomtaka yeye, na kwamba angekuja kulijua hilo siku moja, mezani, nami nimemkalia mbele. Si haki kwake. Mama alivuta pumzi.

Seif akazungusha kikombe kwenye kisahani chake. "Ahsante kwa kunambia sasa," akasema. Na baada ya kitambo, kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine, akaniuliza kola za kanzu nyeupe azisafisheje, maana mashine inazitoa na umanjano wake vile vile. Nikamwambia: sabuni ya kipande, paka kavu kavu, sugua kola kwa kola, kisha ndiyo mashine. Na usiziache zikakaa na jasho. Akarudia yote, neno kwa neno, mama akamsahihisha palipobidi. Tulicheka sote wanne.

Nassor alimpeleka uwanjani kabla ya maghrib.

Ntajuta? Huenda. Leo sijuti.

Nimeosha vyombo. Mama alikuja akakaa kwenye kiti cha jikoni, akamenya chungwa. Akasema, "Mwanamume mzuri yule." Nikasema najua. Akanikatia nusu. Tamu, lina mbegu nyingi. Tumelila tukitema mbegu kwenye kiganja.