Mstafeli wa Uani

Jumapili, 2 Julai 1905. Ifakara

Nimeumwagia mstafeli maji ya kuoshea mchele, kama kila asubuhi. Maua mengi yamepukutika, lakini matunda machache yameshika. Moja limefika ukubwa wa ngumi na limeota vimiba vyake laini.

Mbegu nilizifunga kwenye pindo la kanga nilipotoka Pangani kumfuata mume wangu Hemedi. Yeye alibeba marobota ya nguo za duka, mimi nikabeba mbegu. Nyingine zilioza, nyingine zililiwa na panya. Ikaota moja tu. Sina mtoto. Nina mti.

Watu wa hapa hawajapata kuliona stafeli. Wananiuliza kama ni chakula au ni dawa. Napenda wanavyoniuliza. Najiona mtu.

Jumatano, 5 Julai

Mama Ngwila ameleta mabungo, kikapu kizima. Huyu ni Mndamba, anakaa ng'ambo ya mto Lumemo, na tangu nifike Ifakara hajaja kwangu mikono mitupu. Mimi humpa chumvi. Mabungo yake si yale madogo yanayokukunja uso. Ni makubwa, ya manjano iliyoiva, na nyama inateleza mdomoni. Nimeyapekecha, nimeyachuja, nimetia sukari guru. Nimekunywa nikasahau kiu ya mwaka mzima.

Kwao mahali pa matunda ya porini hapatajwi. Mwaka jana alinipeleka, akanionyesha mbungo wake ulivyopanda juu ya miti mpaka huoni mwisho wake. Akanikataza nisimwambie mtu. Akanikataza pia kutikisa. Huokotwa yaliyoanguka tu, yaliyo juu yana wenyewe, na wenyewe ni wazee wao waliokufa. Nilicheka kimoyomoyo. Lakini niliokota ya chini.

Leo alikuja na binti yake mdogo, Chausiku. Shikamoo yake huisikii, ila macho hayatulii. Alisimama chini ya mstafeli akauliza, "Tamu kama nini?"

Nikamwambia atajua siku yake ikifika.

Ijumaa, 7 Julai

Mdomo wangu huu.

Hemedi alirudi msikitini, nikampa maji ya mabungo. Akanywa vikombe viwili. Akauliza matunda makubwa namna hii yanatoka wapi. Nikamwambia. Nilimweleza mpaka kona ya mto na matete ya kupita. Nilikuwa nasifu tunda tu, kama mtu anavyosifu pishi la mwenzake.

Hemedi ananunua mpira kutoka kwa watu wanaogema porini. Akaweka kikombe chini. Akasema penye mabungo kama hayo mimea ya mpira haikosekani. Hapo ndipo niliposhtuka. Nikamwambia asiende. Akasema sawa. Namjua sawa yake.

Alhamisi, 13 Julai

Wameukata.

Wagemaji wa Hemedi wameukatakata vipande, wakakinga utomvu. Na utomvu wa mbungo haufai. Haugandi vizuri, unabaki kunata kama ulimbo wa kutegea ndege. Hemedi ameumwaga nyuma ya duka. Umekufa bure.

Nimemgombeza. Akaniuliza kwa nini nalilia mmea wa porini. Nimemwambia silii.

Ijumaa, 14 Julai

Mama Ngwila amekuja. Nilimwona kwa mbali nikatamani kujificha jikoni. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alikaa mkekani, akamsifu kuku wangu aliyetotoa. Kisha akasema, "Bi Zuhura, ule ulikuwa wa mama yangu."

Nikasema Hemedi hakujua. Akaitikia kwa kichwa. Anajua Hemedi aliambiwa na nani, maana hakuna mwingine aliyepelekwa pale.

Alipoinuka aliutazama mstafeli. Akasema basi watoto watakula hili lako. Nikasema ndiyo, watakula. Ningesema nini?

Jumatatu, 24 Julai

Nimekasirika.

Siku zote hizi watoto wa Mama Ngwila wanashinda uani kwangu. Wanabonyeza matunda, wanapima kwa mikono. Leo nimekuta moja limeng'olewa changa, limeng'atwa, limetemwa, limetupwa. Miaka mitano nimeumwagia mti huu maji!

Nikamwita Mama Ngwila. Nikamwambia stafeli likiwa kijani ni sumu. Nikamwambia linaua mtoto kabla jua halijatua. Wasubiri mpaka ligeuke manjano kama bungo, ndipo nitawaita mimi mwenyewe.

Aliniamini pale pale. Alipauka. Akamfungua Chausiku mdomo akamchungulia meno, akamkung'uta nguo, akamsogeza mpaka mbele ya tunda akamtisha kwa Kindamba. Mtoto akalia.

Stafeli haligeuki manjano. Linaiva likiwa kijani vile vile, linalainika tu na vimiba vinaachana. Hapa Ifakara tunalijua hilo mimi na Hemedi tu. Jioni hii uani kumetulia. Nimejiona mjanja.

Ijumaa, 11 Agosti

Lile kubwa limeiva. Nilibonyeza asubuhi, kidole kikazama. Tumelila mimi na Hemedi chumbani, mlango umefungwa kama wezi. Nyama nyeupe, laini kama pamba iliyolowa. Kwanza ukali kidogo pembeni mwa ulimi, halafu utamu unakuja taratibu na hauondoki. Nilimkumbuka mama yangu. Nilifumba macho.

Halafu likaniingia. Siwezi kumpelekea Mama Ngwila hata kipande. Nikimpa, atauliza mbona kijani. Ni kama nimefunga mlango kwa nje na ufunguo nimeumeza mwenyewe.

Maganda nimeyafukia.

Wagemaji hawajaja dukani wiki hii. Hemedi anasema kuna habari za dawa, maji ya kunywa na kujipaka, risasi zisiwapate. Anasema kwa kucheka, lakini amehesabu baruti yake.

Jumatatu, 14 Agosti

Naandika haraka. Tunaondoka.

Mama Ngwila amekuja akiwa anahema, kanga imelowa mpaka kiunoni kwa kuvuka mto. Mumewe amekunywa maji. Wanaume wote wa upande wao wamekunywa. Amesema tutoke leo, tusingoje kesho, maana kwao mfanyabiashara wa pwani na Mdachi wa boma ni kitu kimoja. Angepigwa kama wangejua amekuja kwetu. Mimi niliyetoa siri ya mbungo wake. Yeye ndiye aliyekuja.

Hemedi alikuwa akifunga mizigo. Tulikuwa wawili tu uani, mimi na Mama Ngwila. Matunda yalikuwa juu yetu. Nilitaka kumwambia. Naapa nilifungua mdomo. Nikasikia kinatoka kitu kingine: "Uniangalizie mti wangu."

Akasema, "Nitauangalia, Bi Zuhura."

Jumamosi, 18 Novemba. Kilosa

Tunakaa nyuma ya duka la binamu yake Hemedi. Sijaandika kwa sababu hapana la kuandika. Nafua, napika, nasikiliza.

Habari za bondeni ni mbaya. Vijiji vimechomwa. Askari hawapigani tu na watu, wanapigana na mpunga. Wanachoma maghala, wanachoma mashamba, wanachukua kuku na mbuzi. Anayetoka huko anasema mtu akinusurika na bunduki, njaa inamngoja.

Nilipoyasikia hayo nilifikiria mstafeli kwanza. Watu baadaye. Naliandika hili nilione kwa macho yangu.

Jumanne, 12 Juni 1906. Ifakara

Tumerudi. Barabara nzima tangu Sanje ni nguzo nyeusi na magugu. Migomba imeng'olewa mpaka vishina, wamekula vishina.

Nyumba yetu imeungua. Duka limeungua. Nilipita katikati ya majivu mpaka uani, na mti upo. Umesimama, umenenepa, umejaa matunda. Mtu ameuzungushia uzio wa miiba, umefungwa kwa kamba za magome, umekazwa vizuri. Chini kumefagiliwa. Matunda yaliyoanguka yamerundikwa pembeni, meusi, yamejaa sisimizi. Hakuna hata moja lililoguswa na mtu.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, kwanza nilifurahi.

Kisha nikayatazama tena yale yaliyooza. Nikakaa chini.

Alhamisi, 14 Juni

Nimevuka kwenda kwa Mama Ngwila. Nilimpita njiani sikumtambua. Shingo imekuwa nyembamba, mikono imekuwa mirefu. Yeye ndiye aliyeniita.

Mumewe hakurudi kutoka vitani. Watoto wawili wakubwa amewapeleka Malinyi kwa shangazi yao, huko wanapata samaki. Nikauliza Chausiku. Akasema alimzika wakati wa masika. Hakuugua. Alikwisha tu, kama utambi usio na mafuta.

Walikula mizizi. Walikula mbegu za majani. Walikwenda mpaka kwenye kile kichaka chao cha mabungo kutazama kama ule mbungo umechipua. Ulikuwa umechipua kidogo, hauna tunda.

Kisha akanieleza habari za mti wangu, kwa fahari, kama mtu anayerudisha amana. Aliweka uzio ili watoto wa watu wasife. Alimwambia kila aliyepita kuwa ni sumu, mwenyewe ameniachia, amesema nisubiri manjano. Alikuwa anakwenda kila siku kuangalia kama yamegeuka. Hayakugeuka. Akafikiri labda mti umekasirika kwa kuachwa.

Siku moja alimkuta Chausiku ndani ya uzio, ameokota lililoanguka, amelitia mdomoni.

"Nikamtoa kwa kidole," akasema. "Nikamsafisha ulimi kwa mchanga. Halafu nikampiga, Bi Zuhura, ili asife."

Nilimpa chumvi niliyokuja nayo. Akanishukuru.

Jumamosi, 16 Juni

Nimemwambia.

Jana nzima sikuweza. Hemedi alinisihi niache. Amesema mtoto harudi kwa maneno, na yule mama atabaki na jiwe kifuani badala ya kovu. Pengine kweli. Pengine nimejitua mzigo kwa kumtwika yeye. Sijui. Lakini alikuwa ananishukuru, na shukrani yake sikuweza kuimeza tena.

Nilichuma moja lililolainika. Nikalipeleka kwake. Nikaketi mbele yake, nikalipasua kwa mikono, nikala. Ganda la kijani. Sikumudu kusema kabla ya kula. Nilitaka aone kwanza.

Alinitazama nikimeza. Alinisogelea, nusura alitoe mdomoni mwangu. Kisha akakaa tena, taratibu. Niliona jambo lilivyomfikia.

"Kumbe linaliwa hivi hivi."

"Linaliwa hivi hivi."

"Hata siku zile?"

Nikasema hata siku zile. Nikasema nilidanganya kwa sababu ya tunda moja changa. Nililia mimi. Yeye hakulia. Alichukua ile nusu iliyobaki, akaifunga kwenye jani pana la porini, akaingia ndani. Nilingoja sana. Hakutoka.

Jumapili, 17 Juni

Nimekwenda tena. Sikuitwa. Nilimwona nyuma ya nyumba, penye kilima kidogo cha udongo kilichozungushiwa mawe ya mtoni. Nikasimama mbali.

Wao wakizungumza na wafu wao huweka unga kaburini. Unga haupo bonde zima. Alikuwa amefungua lile jani. Alimega ile nyama nyeupe kidogo kidogo, akaiweka pale unga unapowekwa. Kila alipomega alitoa mbegu nyeusi akazitenga, kama unavyomtolea mtoto miiba ya samaki.

Kisha kipande kimoja akala mwenyewe. Alikitafuna muda mrefu, macho yametazama udongo. Akaanza kusema kwa Kindamba. Kindamba changu ni cha sokoni, lakini hicho nilikielewa. Alikuwa anamwambia lilivyo. Kwanza lina ukali, alimwambia, kama bungo lako, usiogope. Halafu utamu unakuja.

Niliondoka kabla hajageuka.

Jumatano, 4 Julai

Nimeubomoa ule uzio. Miiba imenichana, nikaendelea. Hemedi anajenga ukuta wa duka, haniulizi kitu.

Watu wanakuja kuchuma. Nawaonyesha namna ya kubonyeza, nawaambia vimiba vikiachana limeiva, wasingoje rangi. Wengine wanacheka, walikuwa wanaliogopa. Mama mmoja alilia, sikumuuliza.

Mama Ngwila hupita njia ya juu kwenda kutafuta mboga. Tunasalimiana. Yeye ndiye huanza, kwa sababu ni mtu mwenye adabu. Haingii uani. Zile mbegu nyeusi nasikia amezipanda, sikuambiwa wapi, wala sitauliza.

Mimi stafeli sijala tena.

Mchele bado hatuna, kwa hiyo asubuhi nimeumwagia mti maji matupu. Moja limeanguka karibu na mlango. Nimeliacha pale pale, aokote atakayepita.