Nyar Nam Dhidi ya Madam

Jumamosi, likizo ya Agosti 1997. Homa Bay.

Jua limewaka tangu asubuhi, ziwa limetulia tuli, mimi ndiye sijatulia. Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Daftari, vumilia mwandiko.

Stima ilipotea Alhamisi. Kwa Omondi, pale tunapochezea gemu, televisheni ikazimika, tukabaki kwenye mabenchi kama watu waliofiwa. Omondi, kwa kuogopa tutawanyike, akaleta karatasi ya manila akachora ngazi ya mashindano: wapiganaji wanane wa ile gemu yetu ya ngumi, wawili wawili, anayependwa zaidi apande, hadi abaki mmoja. Kura ni kifuniko kimoja cha soda kwa kila mtu, unakitia kwenye mkebe wa unayempenda. Mshindi atachorwa kwenye mlango wa duka kwa rangi ya mafuta, na jina lake juu.

Nilijua nani atachorwa. Nyar Nam.

Kaseti ya Omondi ina maandishi ya Kijapani, hakuna anayejua mpiganaji yeyote anaitwa nani, kwa hivyo majina tumewapa wenyewe. Yeye ndiye mwanamke pekee kwenye gemu, ana gauni la buluu na teke la kuzunguka. Nyar Nam, binti wa ziwa. Jina hilo nililitunga mimi siku ya kwanza nilipoingia pale na wavulana wakanicheka. Siku hizi na mimi wananiita hivyo hivyo. Ule mlango nilishauhesabu kuwa wangu.

Sasa njoo uone. Akinyi, binti wa baba mdogo, amekuja Alhamisi hiyo hiyo, stima ikiwa imeshapotea, kutoka Migori na vijana wenzake wa kanisa kwa semina ya wiki nzima. Kila mapumziko wako kwa Omondi. Huko kwao wanacheza gemu hiyo hiyo, na walipoambiwa wataje wapiganaji wao, Akinyi akasema, "Andika Madam."

Madam nani? Hatukuuliza. Hapo ndipo ninapojichukia. Kuna wapiganaji waliofichwa kwenye ile gemu, ukibonyeza vizuri wanatokea, na sisi hatujawahi kumtoa hata mmoja. Tukadhani watu wa Migori wamemtoa. Nani angekubali kuonekana mshamba mbele ya Migori? Tukaitikia kwa vichwa kama tunamjua. Kumbe nao walikuwa wakidhani hivyo hivyo kuhusu Nyar Nam.

Jana ikawa fainali. Nyar Nam na Madam.

Yawa, nilivyomtukana huyo Madam! Akinyi akasema Madam ana teke la kuzunguka, nikasema ameiga. Akasema ni mkali kama mwalimu wao wa hesabu, ndiyo maana yeye mwenyewe alimwita hivyo. Nikasema basi akafundishe, aache kupigana. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika hapa. Macho yakamjaa machozi, na sikumwonea huruma hata kidogo.

Tena nitakiri, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilitia vifuniko viwili.

Na bado nikashindwa! Kumi na nne kwa kumi na tano. Watu wa semina wakaruka juu ya mabenchi, mmoja akavunja mguu wa benchi.

Leo saa kumi jioni stima ikarudi. Mchoraji alikuwa amefika na brashi zake, akataka aonyeshwe huyo Madam. Omondi akawasha. Akinyi akasogea, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya gauni la buluu.

Duka zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nimemtukana mtu wangu mwenyewe, nimeiba kura ili nimshinde yeye! Wasichana tuko wawili tu mle dukani, mwanamke kwenye gemu ni mmoja, na tulimgombania kama mbwa na mfupa.

Nikasema basi, kama ni yule yule, aandikwe Nyar Nam, hapa ni Homa Bay. Omondi akakataa. "Atieno, kura ni kura."

Kura ni kura! Sasa pale mlangoni, hatua chache kutoka majini, binti wa ziwa ameandikwa MADAM kwa herufi nyekundu ambazo zitakaa miaka.

Baadaye tulipokuwa tukiosha vyombo, Akinyi akaniambia polepole, bila kuniangalia, kwamba kuna jambo linamsumbua na hataki kuingia nalo kanisani kesho.

"Dada, mimi nilitia vitatu."

Vitatu! Mtu wa semina!

Nilimfokea mpaka mama akatoka kuuliza kuna nini. Akinyi akalia, akaomba msamaha, na mimi nikamsamehe kwa sauti kubwa, kama pasta. Hesabu nimeipiga sasa hivi: tungekuwa waaminifu sote wawili, ingekuwa kumi na tatu kwa kumi na tatu. Sare. Viwili vyangu sikuvitaja.

Yuko chumba cha pili, anaimba nyimbo za semina, moyo mwepesi. Kesho tutakaa benchi moja kanisani, na njia ya kwenda inapita mbele ya ule mlango. Nitamwangalia nani machoni, Akinyi au Madam?