Pole Niliyokupa Wiki ya Magongo

Shoga yangu Rehema,

Unakumbuka ugonjwa wa mpira wa magongo ulivyotuanza? Nyumba ya wazee pale Rockville, zamu ya jioni, wewe unamlisha supu yule mzee tuliyemwita Babu, mimi nakunja mashuka, na runinga inaonyesha wanaume wazima wakisukumana juu ya barafu. Babu, Mzungu wa watu, alitufundisha sheria zote, ila kile kidude cheusi wanachokigombania kikatushinda jina. Wewe ukakiita kitumbua kilichoungua. Basi ikawa kila wakifunga unaruka: "Kitumbua ndani!" na wazee wanacheka bila kujua wanacheka nini.

Halafu yakaja matangazo kwamba mechi itachezwa nje, barafu itatandazwa katikati ya uwanja wa besiboli, mjini D.C. Ulishika kichwa. "Hiyo ndiyo hoki, shoga! Makamasi yagande. Si ndicho mashabiki tunachotaka?" Tukaapa kwenda pamoja, nikakununulia hata glavu nyekundu. Tiketi zikaisha kabla hatujapata. Nikasema basi, tutaiangalia na Babu.

Wiki ya mechi ukanipigia unalia. "Nicoverie zamu ya Jumamosi, please. Mjomba katutoka. Kuna matanga kwa shangazi, Falls Church." Nikakuambia pole. Siyo ile pole ya kumpa mtu aliyejikwaa, Rehema. Nilikaa chini kwanza ndipo nikaitamka. Kesho yake nikapika sufuria la wali wa nazi, nikakupelekea kwako Gaithersburg na foleni yote ile ya barabarani. Ukanilalia begani mlangoni.

Jumamosi nikashika zamu yako. Mechi ikaanza, kamera ikapita kwa mashabiki, Babu akanyoosha kijiko: "Yule si mwenzako?"

Ulikuwa wewe. Glavu zangu mikononi, unaruka, na hata bila kukusikia niliisoma midomo yako. Kitumbua ndani. Mtangazaji akasema leo mashabiki wamepewa walichokitaka. Nikaenda msalani nikalia, kisha nikarudi kumaliza kumlisha Babu, maana supu ilikuwa inapoa.

"Nilipata tiketi moja tu," ulijitetea baadaye. "Ningekwambia ungeumia." Ungeniambia, ningekushikia zamu huku nakutania! Mimi nilitaka kitu kidogo tu: uniamini kwamba naweza kukufurahia. Badala yake ukamzika mtu mzima angali hai, ukala wali wa msiba ambao haukuwepo. Ulinifanya mjinga, Rehema. Nina hasira nawe mpaka leo, na nimekukumbuka mpaka leo, sijui lipi linaniudhi zaidi. Magongo siyaangalii tena. Babu akiniuliza, namwambia nina kazi.

Juzi simu zikaanza kuingia. Mjomba wako amefariki, kweli safari hii. Kila anayepiga ananiuliza mbona hajaniona kwako, nami nasingizia zamu. Leo nimepika wali wa nazi tena. Upo jikoni, nimeufunika. Nimeshika simu mara kadhaa, niseme pole, nikaiweka chini, maana kila nikilitafuta neno hilo naziona zile glavu zikipunga hewani.

Wali nitampa mtu akuletee. Mzikeni salama. Pole yangu unayo tayari, nilikupa wiki ya magongo.

Shoga yako wa zamu ya jioni